Je, mtori unaweza kuliwa angani? Jibu kwa mwalimu wa Moshi

Swali: Nafundisha sayansi katika sekondari moja mjini Moshi. Wanafunzi wa klabu yetu walisoma kuhusu chakula cha wanaanga, wakaniuliza kama mtori, yaani supu nzito ya ndizi na nyama, nao unaweza kuliwa huko juu. Je, inawezekana? Chakula hicho hutengenezwaje hasa, na sisi wenye kaushio la jua, oveni moja na maabara ya shule tunaweza kujaribu nini? Wengine wanaulizia kiburu, loshoro na chapati.

Jibu: Mwalimu, inawezekana, na wanafunzi wako wamechagua vizuri. Katika vyakula vinavyopikwa kuzunguka Kilimanjaro na Meru, mtori ni miongoni mwa vinavyokaribia sana sifa zinazotakiwa. Ndizi haitawasumbua. Watakaowasumbua ni mafuta ya nyama, maziwa, na saa ambazo rojo litakaa vuguvugu kabla halijakauka. Nitaeleza kwa nini, kisha nitakupa vipimo vya kuanzia.

Ndani ya chombo kinachozunguka dunia, chakula hakina uzito wa kukikalisha kwenye sahani. Kinachokishika kijikoni ni unyevu wake wenyewe: maji hushikana, na rojo zito hung'ang'ania kijiko hata ukikigeuza. Chakula kikavu kinachomomonyoka hakina kitu cha kukishika. Chembe huelea, huingia machoni na puani, huziba vichujio vya hewa na kujipenyeza kwenye vifaa vya umeme. Ndiyo maana wanaanga wa mwanzo walilishwa kwa mirija kama ya dawa ya meno. Yuri Gagarin alibeba chakula cha namna hiyo tarehe 12 Aprili 1961, na John Glenn alikula rojo la tufaha kwa mrija Februari 1962. Baadaye vikaja vipande vya kuuma mara moja, vilivyopakwa jelatini ili visitoe chembe. Hakuna aliyevipenda. Machi 1965, katika safari ya Gemini 3, John Young alitoa sandwichi ya nyama aliyoibeba kwa siri mfukoni, ikaanza kumomonyoka hapo hapo, wakairudisha mfukoni haraka.

Mabadiliko yanayomhusu mla mtori yalitokea Desemba 1968. Wanaanga wa Apollo 8 walifungua pakiti ya nyama ya bata mzinga ndani ya mchuzi mzito, wakaila kwa kijiko cha kawaida. Mchuzi ulibaki kijikoni. Tangu hapo sharti likawa wazi: chakula kiwe na unyevu na unato wa kutosha kujishikilia. Wanga wa mshare, yaani ndizi ya kupikia mtori, unaupa mtori sifa hiyo bila kuongezewa kitu.

Sasa namna ya kuhifadhi. Watu wengi hudhani chakula chote cha angani ni kikavu. Sivyo. Katika kituo cha kimataifa cha anga za juu kuna vyakula vya kuongezwa maji, vyakula vyenye maji yake vilivyopikwa na kuuliwa vimelea ndani ya pakiti, nyama zilizopigwa mionzi, vyakula vyenye unyevu wa wastani kama matunda yaliyokaushwa nusu, na vinavyoliwa kama vilivyo, mfano karanga na biskuti ndogo za kumeza mara moja. Matunda na mboga mbichi hufika chache tu, chombo cha mizigo kinapowasili.

Ukaushaji ulitamba enzi za Gemini, Apollo na vyombo vya shuttle kwa sababu umeme ulitokana na seli zilizounganisha haidrojeni na oksijeni, na zao lake ni maji. Kubeba maji ndani ya chakula wakati chombo kinayatengeneza chenyewe kungekuwa kupoteza mzigo bure. Kituo cha sasa hutumia paneli za jua, kwa hiyo maji hayo ya bure hayapo. Humo maji hurejeshwa kutoka kwenye jasho, pumzi na mkojo, na mwaka 2023 NASA, shirika la anga la Marekani, ilitangaza kufikia asilimia 98 ya urejeshaji. Katika mfumo kama huo, chakula chenye maji si hasara kubwa, kwa kuwa maji yake huishia kwenye mzunguko uleule. Waeleze wanafunzi jambo hili mapema, maana wengi hushika jibu la "ili kiwe chepesi" bila kuuliza maji ya kukirowesha yanatoka wapi.

Njia ya kuua vimelea ndani ya pakiti ndiyo ileile ya vyakula vya kopo: pakiti iliyofungwa huwekwa kwenye mvuke wa presha hadi katikati ya chakula pafike nyuzi 121 za Selsiasi au joto lenye nguvu sawa na hilo. Anayewindwa ni Clostridium botulinum, bakteria ambaye mbegu zake hustahimili maji yanayochemka na ambaye hutoa sumu mahali pasipo na oksijeni. Mtori hauna uchachu wa kumzuia.

Hapa naomba msijaribu njia hii shuleni, na sababu mojawapo ni mahali mlipo. Maji huchemka kwenye nyuzi takriban 97 Moshi, na takriban 95 Arusha, kwa kuwa hewa ni nyepesi kuliko pwani. Sufuria ya presha iliyoandikwa pauni 15 huongeza pauni hizo juu ya hewa ya mahali ilipo. Pwani hufika nyuzi 121. Arusha, kwenye mwinuko wa karibu mita 1,400, inaishia kama 118 na nusu. Pengo la nyuzi mbili na nusu linaonekana dogo, lakini kasi ya kuua mbegu hizo hupungua mara kumi kwa kila nyuzi kumi zinazopotea, kwa hiyo mtakuwa mmebakiwa na zaidi kidogo ya nusu ya nguvu mliyoitegemea. Tena hiyo ni joto la mvuke. Rojo zito hupitisha joto polepole mno, na katikati ya pakiti huchelewa sana. Bila kipimajoto kilichochomekwa katikati ya pakiti na mtu aliyefunzwa kusoma rekodi zake, njia hii ni hatari. Mtori mkavu, kwa upande mwingine, hauwezi kuotesha bakteria huyo.

Wataalamu wa angani hukausha kwa kugandisha. Chakula kilichopikwa hugandishwa hadi nyuzi 40 chini ya sifuri, kikawekwa kwenye chumba kilichoondolewa hewa hadi shinikizo lishuke chini sana ya paskali 611. Chini ya shinikizo hilo barafu haiyeyuki kuwa maji, bali hugeuka mvuke moja kwa moja. Mvuke hunaswa kwenye mabomba ya baridi ya nyuzi 50 chini ya sifuri au zaidi, huku trei zikipewa joto kidogo kidogo, maana kila kilo ya barafu inahitaji kama megajuli 2.8 ili igeuke mvuke. Kazi huchukua siku nzima au zaidi, na unyevu unaobaki ni asilimia 2 hadi 3. Kwa kuwa chakula hakikupitia hatua ya kuwa majimaji, hakisinyai. Barafu inaacha vitundu vyake wazi, na maji ya moto yakiingia hupita kwenye vitundu hivyo dakika chache tu. Kipande cha nyama kinarudi kuwa kipande cha nyama.

Friji ya dukani ya nyuzi 18 chini ya sifuri haitoshi. Mwulize mwanafunzi anayependa ndizi mbivu kwa nini ndizi hiyo ndiyo ngumu zaidi kukausha kwa njia hii. Ikiiva, wanga wake umegeuka sukari, na sukari iliyokolea kwenye maji haigandi vizuri kwa baridi hiyo. Hewa ikiondolewa, rojo la sukari huvimba, hupasuka na kuporomoka, likawa gundi. Mshare mbichi una wanga, haina tabia hiyo. Mtori unafaa pia kwa mashine ya kisasa, siku mkiipata.

Kwa shule, njia ni hewa ya moto. Haitatoa ubora uleule, ila itawafundisha karibu kila jambo linalomsumbua mtaalamu wa chakula cha angani.

Nunua mshare kama kilo 3.5 zenye maganda, zilizokomaa lakini ngumu na za kijani kabisa. Lengo ni kilo 2 zilizomenywa. Andaa nyama ya ng'ombe isiyo na mafuta, ya paja, gramu 500, isagwe mara mbili kwenye mashine ya tundu dogo. Vitunguu maji gramu 150, karoti gramu 200, tangawizi gramu 20, chumvi gramu 15, pilipili manga gramu 3. Mafuta ya kukaangia yasiwepo kabisa. Siagi na maziwa freshi visiwepo pia. Ladha ya maziwa itarudi baadaye kwa unga wa maziwa uliotolewa mafuta, gramu 4 kwa kila mfuko.

Menya ndizi ndani ya maji yenye asidi ya sitriki, gramu 5 kwa lita, au maji ya ndimu. Utomvu hautaganda mikononi, na muhimu zaidi, kimeng'enya kinachogeuza ndizi kuwa kahawia kitadhoofishwa. Usiache zikiloweka zaidi ya dakika 15, zitachukua uchachu. Chemsha nyama iliyosagwa katika lita 2 za maji hadi iive, engua mafuta yote yanayopanda juu, kisha tia ndizi, karoti, vitunguu na viungo. Ndizi zikiiva na kulainika, ponda kwa mwiko, halafu pitisha kwenye chujio la waya. Hatua ya chujio usiiruke: bonge moja lenye ukubwa wa punje ya mahindi litakauka nje na kubaki bichi ndani.

Pima uzito. Uwe umepima sufuria tupu kabla, kisha ongeza maji yaliyochemka au endelea kuchemsha hadi mtori wenyewe uwe kilo 4.5. Namba hii ina sababu. Ukijumlisha sehemu kavu ya ndizi, nyama, mboga na chumvi, unapata takriban gramu 780. Kilo 4.5 ni bakuli 15 za gramu 300, na kila bakuli lina kama gramu 50 za chakula kikavu na mililita 250 za maji. Bomba la maji katika kituo cha anga hutoa maji kwa hatua za mililita 25, na mililita 250 ndiyo kiasi cha juu cha mara moja. Kwa hiyo mfuko wenu utalingana na bomba lao.

Sasa inakuja hatua ambayo wengi huiharibu. Mtori uende kwenye trei ukiwa wa moto. Usiulaze usiku kucha kwenye friji ukisubiri jua la kesho. Wanga uliopikwa ukipoa hujipanga upya na kushikamana, na ukishakauka katika hali hiyo hauyanywi maji vizuri tena. Utapata mtori wenye punjepunje kama mchanga laini, na hakuna maji ya moto yatakayourekebisha. Ndiyo tabia unayoiona kwenye ugali wa jana. Zaidi ya hapo, rojo lenye nyama linalopoa polepole kati ya nyuzi 60 na 5 ni makazi ya bakteria Bacillus cereus, ambaye mbegu zake hazikufa kwenye sufuria. Toka jikoni hadi kaushioni isipite nusu saa.

Tandaza juu ya karatasi ya kuokea, unene wa milimita 3, usizidi kilo 3 kwa mita moja ya mraba. Kilo 4.5 zinahitaji mita moja na nusu ya trei. Joto la hewa liwe nyuzi 60 hadi 65, na hewa iwe inatembea. Baada ya saa tatu juu patakuwa pamekauka. Geuza upande wa chini ubanduke na karatasi itoke, kisha endelea. Kuna kishawishi cha kupandisha joto hadi 80 ili kazi iishe mapema. Ukifanya hivyo mwanzoni, ngozi ngumu hujifunga juu na kufungia maji ndani. Mtori utaonekana mkavu leo, na baada ya wiki mbili mfukoni ukungu utaota.

Kaushio la jua huwa kati ya nyuzi 45 na 60 siku njema, na siku njema ndilo suala. Masika ya Machi hadi Mei usijaribu, wala Juni na Julai ambapo mawingu hukaa mlimani hadi mchana. Januari, Februari, Septemba na Oktoba zinafaa. Anza saa tatu asubuhi. Ikifika saa kumi na moja jioni na haujakauka, malizia kwenye oveni ya nyuzi 65, mlango ukiwa wazi kidogo ili mvuke utoke. Usiuache kaushioni usiku.

Utajuaje umekauka? Kukunjwa na kuvunjika kwa mlio ni dalili, si kipimo. Kipimo ni uzito: sehemu kavu ikiwa gramu 780 na unyevu unaotakiwa ni asilimia 5, jumla ya mtori wote uwe gramu 820 hivi. Hakikisha kwa sampuli: pima gramu 10 kwenye mizani ya maabara ya kemia inayosoma hadi sehemu ya mia ya gramu (ya jikoni haitoshi), weka oveni ya nyuzi 105, pima kila baada ya saa moja hadi uzito usibadilike. Ikipungua nusu gramu, mko asilimia 5. Ikipungua gramu moja, rudisheni kaushioni. Kwa jumla ukungu, chachu na bakteria hawaoti kabisa pale ambapo maji huru ya chakula, yaani maji ambayo viumbe hao wanaweza kuyatumia, yako chini ya 0.6 kwenye kipimo cha 0 hadi 1, na wanga wenye unyevu wa asilimia 5 uko chini ya hapo kwa mbali.

Vunja vipande hadi viwe vibapa vya milimita 1 au 2. Usisage kuwa unga. Unga hufanya mabonge, kwa sababu tabaka la nje hulowana na kuwa gundi kabla maji hayajafika ndani. Weka vibapa kwenye chombo kilichofungwa kwa siku saba, ukitikisa kila siku. Vilivyobaki na unyevu kidogo vitagawana na vikavu. Ukiona ukungu wa mvuke kwenye kuta za chombo, havijakauka.

Mfuko uwe wa plastiki yenye tabaka la alumini, gramu 50 za mtori na gramu 4 za unga wa maziwa, hewa ikiwa imenyonywa au kukiwa na kipakiti cha kunyonya oksijeni. Nailoni ya kawaida hupitisha oksijeni na mvuke. Mafuta ndiyo yatakayowaangusha hapa. Hata nyama ya paja ina mafuta kiasi, na chakula kikavu chenye vitundu kinaiweka kila chembe ya mafuta wazi kwa hewa. Oksijeni huyavunja, na harufu ya mafuta ya zamani hujitokeza wiki kadhaa kabla ladha haijaharibika kabisa. Tengeni mifuko mitatu mitatu: friji, kabati la darasa, na mahali pa nyuzi 38. Kila baada ya wiki nne, kwa wiki 12, fungueni mmoja wa kila kundi, muunuse ukiwa mkavu kisha ukiwa na maji. Kundi la nyuzi 38 litawaonyesha mapema mwelekeo wa lile la kabatini. Vyakula vya kituo cha anga hudumu mwaka mmoja na nusu hadi mitatu. Kwa safari ya Mars lengo linalozungumzwa ni miaka mitano, na hakuna mfumo wa chakula unaolifikia vizuri leo, kwa sababu vitamini C na B1 hupungua hata pakiti ikiwa salama.

Jaribio la kurowesha ndilo watakalolipenda. Angani mfuko haufunguliwi ukiwa mkavu. Maji huingizwa kwa kitundu chenye vali, mfuko ukakandwa kwa mkono, ukasubiriwa, ndipo ukakatwa kwa mkasi. Igeni kwa bomba la sindano la mililita 50 au 60, bila sindano yenyewe, na kipande cha utepe mzito juu ya kitundu. Maji yawe nyuzi 75 hivi: ya kituoni ni ya moto lakini hayachemki. Jaribuni mililita 175, 200, 225 na 250, kila moja dakika 5, 10 na 15. Kisha chota na ugeuze kijiko juu chini. Unaobaki kijikoni kwa uvutano wa Moshi utabaki kijikoni popote. Ninavyoona mimi, 200 kwa dakika 10 itawafaa kuliko 250. Toeni hewa mfukoni kabla ya kutia maji. Kusikokuwa na uzito, viputo havipandi juu, vinabaki ndani ya rojo na kumezwa. Na tumboni vilevile hewa haijitengi na chakula, kwa hiyo mwanaanga akicheua, hutoka na majimaji.

Kuhusu kiungo: tangawizi na pilipili manga nimeviweka humo kwa makusudi. Siku za kwanza angani majimaji ya mwili hupanda kichwani, pua huziba, na chakula huonekana hakina ladha, ndiyo maana wanaanga wengi hupenda vikali. Pilipili haiwezi kunyunyizwa juu. Ya kwao huwa imechanganywa na mafuta, na chumvi imeyeyushwa kwenye maji. Chumvi msiongeze. Gramu 15 kwa bakuli 15 ni gramu moja kila moja, sawa na miligramu 400 hivi za sodiamu. NASA ilibadilisha mapishi ya vyakula vyake vingi ili kushusha sodiamu kutoka takriban miligramu 5,300 kwa siku hadi 3,000, kwa kuwa chumvi nyingi huongeza upotevu wa mifupa, na mifupa ya angani tayari hupungua asilimia moja hivi kwa mwezi katika nyonga. Mfuko wenu utatoa kama kilokalori 210. Ni sehemu ya mlo. Hautoshi kuwa mlo kamili.

Sasa usalama, ambao ningeupa nusu ya muda wa klabu. Kupima chakula cha mwisho hakutoshi: ukifungua mifuko 10 na yote ni salama, mifuko uliyoifungua haiwezi kuliwa angani, na ile uliyobakiza hujaipima. Mwishoni mwa miaka ya 1950 na miaka ya 1960, kampuni ya Pillsbury, maabara ya jeshi la Marekani ya Natick na NASA walikabili tatizo hilo kwa kugeuza mtazamo: tafuta kila hatua ambapo hatari inaweza kuingia, iwekee kikomo kinachopimika, kipime kila mara, andika. Huo ndio mfumo wa HACCP, ambao leo viwanda vya chakula duniani kote vinaufuata, vya Tanzania vikiwemo. Kwa mtori wenu hatua za kubana ni tano: joto la nyama sufuriani, dakika kati ya jiko na kaushio, joto la kaushio kila nusu saa, unyevu wa mwisho, na mshono wa mfuko. Kila moja iwe na safu yake daftarini, saa, namba na jina la aliyepima. Kikomo kikivunjwa, fungu lote linatupwa. Kanuni za NASA kwa vyakula visivyouliwa vimelea kwa joto zinataka bakteria kwa jumla wasizidi 20,000 kwa gramu, na Salmonella asionekane kabisa. Msionje mtori uliohifadhiwa kabla maabara yenye uwezo haijapima sampuli. Ofisi za SIDO, ambazo zipo Moshi na Arusha, zimezoea kushauri wasindikaji wadogo, na TBS ndiyo yenye viwango vya chakula nchini.

Ikiwa wanafunzi watauliza kama shule inaweza kweli kufika huko, waeleze kuhusu sekondari ya Wakasa, mkoa wa Fukui, Japani. Wanafunzi wa huko walitengeneza makopo ya samaki aina ya makereli, wakafuata HACCP, wakarithishana daftari kizazi baada ya kizazi kwa zaidi ya miaka 10. Shirika la anga la Japani, JAXA, liliyapitisha mwaka 2018, na Novemba 2020 mwanaanga Soichi Noguchi aliyala kituoni. Mojawapo ya kazi zao ilikuwa kuufanya mchuzi uwe mzito usitawanyike, na waliutia wanga. Nyinyi wanga mnao tayari.

Vyakula vingine, kwa ufupi. Chapati inafaa. Tangu 1985, Rodolfo Neri Vela wa Mexico alipobeba tortilla, mkate laini wa mahindi au ngano usiomomonyoka umechukua nafasi ya mkate wa kawaida. Pika chapati nyembamba ya maji, isiyo na tabaka, maana chapati ya kukunja hutoa magamba. Ila chapati yenye unyevu haiwezi kufungwa bila hewa na kuwekwa kabatini hivi hivi. Inahitaji uchachu na maji huru yaliyoshushwa ili botulinum asipate nafasi, kwa hiyo ninyi iishieni kwenye jaribio la chembe tu, mle siku hiyohiyo. Mbege, pombe ya ndizi na ulezi, haiendi, kwanza kwa sababu bado inachacha, na pili kwa sababu pombe hupaa hewani na kuusumbua mfumo wa kusafisha maji.

Loshoro ina mtindi ulio hai, na bakteria hai mfukoni hutoa gesi. Wakorea walikutana na tatizo hilohilo na kimchi kabla ya safari ya Yi So-yeon ya Aprili 2008, wakalimaliza kwa kuipiga mionzi hadi bakteria wote wafe. Nyinyi pikeni mahindi yaliyokobolewa hadi yalainike kabisa, yapondwe na kukaushwa peke yake, mtindi mwongeze siku ya kula.

Kiburu kinawezekana kwa utaratibu wa mtori, kwa masharti mawili. Maharage yalowekwe saa 12 na maji hayo yamwagwe, ili kupunguza sukari zinazoleta gesi tumboni. Kisha yaive kabisa kwenye sufuria ya presha kabla ya kupondwa na ndizi. Maharage yaliyokaushwa yakiwa nusu mabichi hayatalainishwa na maji ya nyuzi 75, hata yakikaa saa nzima.